KONA YA MWALIMU: Barua ya kukataliwa ina siku zake

Mwezi huu wazazi kadhaa wameniomba niandike juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi: barua ya kukataliwa hadhi ya ukimbizi. Vijana wanaiita rejekti. Ukisikia kwenye bomba la maji kwamba fulani kapigwa rejekti, watu wote wananyamaza kama wamesikia habari ya msiba.

Barua hizi mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Baba anaikunja, anaiweka chini ya godoro, anangoja mtoto wa darasa la sita atoke shule amsomee. Mtoto anasoma mistari ya juu, anakuta neno la kukataliwa, basi, nyumba inalia. Hakuna anayeendelea mpaka chini. Na kule chini ndiko mara nyingi kulikoandikwa mambo mawili ya kukusaidia: sababu za kukataliwa, na siku ulizopewa za kukata rufaa. Wengine wanasema, "Tungoje kwanza, labda wataita tena." Hawaiti. Wahenga walishasema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Neno langu la mwezi huu ni hili: rufaa si kulia upya. Rufaa ni kujibu sababu zilizoandikwa, ndani ya siku ulizopewa, kwa ukweli uleule uliousema mwanzo.

RUFAA NI NINI HASA?

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nitatumia mfano wa darasani. Mwanafunzi amepata alama mbaya na anaamini ameonewa. Akija kwangu analia, "Mwalimu nihurumie," nitamwonea huruma lakini alama haitabadilika. Akija na karatasi yake akasema, "Mwalimu, swali la nne nimejibu sawa, lakini hukugeuza ukurasa ukaona jibu," hapo lazima nichukue karatasi niangalie. Rufaa inafanana na huyu wa pili. Tofauti ni moja, na ni kubwa: kwenye rufaa anayesahihisha upya hatakiwi kuwa mwalimu yuleyule. Kwa utaratibu wa HCR wenyewe, afisa aliyetoa uamuzi wa kwanza haruhusiwi kuamua rufaa yako. Ni macho mengine.

Macho hayo mengine yanauliza maswali matatu. Je, uamuzi wa kwanza ulielewa vizuri mambo yaliyokupata? Je, sheria ilitumika sawasawa? Na je, kuna jambo jipya, au ushahidi mpya, ambao wa kwanza hakuuona? Rufaa isiyogusa hata swali moja kati ya hayo ni barua ya salamu tu.

Jueni pia kwamba rufaa nyingi huamuliwa kwenye karatasi. Si lazima uitwe tena kwenye intavyuu. Kwa hiyo usiandike mstari mmoja ukasema, "Mengine nitaeleza nikiitwa." Andika yote sasa, kama mtu asiyejua kama ataitwa.

WENZETU WANAFANYAJE?

Nchi nyingi za jirani zina chombo cha kusikiliza rufaa. Uganda, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, Kamati ya Ustahiki ndiyo inayoamua kwanza. Ukikataliwa una siku 30 za kwenda kwenye Bodi ya Rufaa. Bodi hiyo inaweza kuukubali uamuzi wa kwanza, au kuufuta na kuirudishia Kamati faili pamoja na maelekezo. Lakini yenyewe haina ruhusa ya kukupa hadhi ya ukimbizi. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Kampala akikuambia ameshinda rufaa na bado anangoja, usimwite mwongo. Faili yake imerudi ilikotoka, ili iangaliwe upya.

Kenya nao walikuwa na Bodi ya Rufaa kwenye sheria yao ya 2006. Sheria mpya ya 2021 ikaleta Kamati ya Rufaa mahali pake. Siku ni 30 vilevile, na anayeshindwa hapo anaweza kwenda Mahakama Kuu. Katika nchi hizo mbili, mtu ambaye rufaa yake haijajibiwa bado ni mwombaji hifadhi. Hatakiwi kurudishwa alikotoka wakati faili iko mezani.

Hapa Sudan Kusini tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2012, na ofisi ya serikali inayotushughulikia ni Kamisheni ya Wakimbizi, ile tunayoiita CRA, ikifanya kazi pamoja na HCR. Nchi hii iliingia pia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 2018. Wengine hupokelewa kwa kundi, kama Wasudani wengi waliokimbia kutoka Kordofani Kusini na Blue Nile. Wengine, wakiwemo wengi wetu tunaosoma Kiswahili hiki, huulizwa mtu mmoja mmoja, na anayeulizwa mmoja mmoja anaweza pia kukataliwa mmoja mmoja. Ukikataliwa, siku zako ni zile zilizoandikwa kwenye barua yako, si zile za barua ya jirani. Peleka barua hiyo mwenyewe CRA au kwenye meza ya ulinzi ya HCR, uliza fomu ya rufaa na uliza tarehe ya mwisho.

Wapo pia wenye ndugu Australia. Huko mtu aliyeshafika nchini kwao na kuomba hifadhi huomba viza ya ulinzi. Wizara ikimnyima, anaweza kwenda kwenye baraza. Tangu 1993 walikuwa na baraza la wakimbizi peke yake, mwaka 2015 likaunganishwa na baraza kubwa zaidi, na tangu Oktoba 2024 liko Baraza jipya la Mapitio ya Kiutawala. Mjumbe wa baraza hilo haangalii tu kama wizara ilikosea. Anaisikiliza kesi upya, pamoja na ushahidi mpya, na mkalimani hupewa. Lakini tusidanganyane: mlango huo ni wa aliyeko kule. Aliyeko huku kwetu akanyimwa viza ya kibinadamu, kwa kawaida hana pa kwenda kwenye baraza hilo. Safari ya nchi ya tatu ni jambo moja, na hadhi ya ukimbizi ni jambo lingine. Msizichanganye kwenye barua moja.

KWA NINI WATU WA KWELI WANAKATALIWA?

Mtu anauliza, "Mimi nimekimbia kweli, nimepoteza watu kweli, kwa nini wasiniamini?" Mara nyingi si kwamba wameamua wewe ni mwongo. Wameona maneno yako hayakai pamoja. Na sisi watu wa Kiswahili tuna mitego yetu wenyewe.

Mtego wa kwanza ni saa. Unasema, "Walikuja saa nane usiku." Kwetu hiyo ni usiku wa manane. Kwa saa ya Kizungu hiyo ni saa mbili baada ya saa sita ya usiku. Mkalimani akiandika nane kama ilivyo, faili inasema walikuja saa ya watu kula chakula cha jioni. Halafu mke wako naye anaulizwa, anasema watu wote walikuwa wamelala. Afisa anaona tofauti, anaandika: hawaaminiki.

Mtego wa pili ni ukoo. Unasema, "Baba yangu aliuawa 1998." Baadaye unasema, "Tulijificha kwa baba mwaka 2004." Kila Mkongo na kila Mrundi anaelewa kwamba huyu wa pili ni baba mdogo, au mzee mwingine wa ukoo. Kwenye karatasi ya Kiingereza, baba ni mmoja tu, na huyo amefufuka. Hivyo hivyo na neno ndugu. Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa shangazi, au mtu wa kijiji kimoja. Mkalimani asipouliza, anaandika wa tumbo moja.

Mtego wa tatu ni tarehe. Wengi wetu hatukukimbia na kalenda mkononi. Afisa akikubana, unataja mwezi wowote ili akuache. Afadhali useme, "Tarehe siikumbuki, lakini ilikuwa baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021," au "ilikuwa kabla M23 hawajaingia Goma Januari 2025." Warundi wanaweza kusema, "Ilikuwa mwaka ule wa vurugu, 2015, mvua zikiwa zimeanza." Jambo kubwa linalojulikana linaweza kuchunguzwa, na linakusaidia kuliko tarehe ya kubahatisha.

Mitego hii mitatu ndiyo kazi nzuri ya rufaa. Unaandika wazi: "Kwenye ukurasa fulani imeandikwa saa mbili za usiku. Mimi nilisema saa nane kwa hesabu ya Kiswahili, yaani usiku wa manane." Hapo umeonyesha swali la nne. Anayesoma lazima ageuze ukurasa. Kwa hiyo kama utaratibu unaruhusu, omba kuona au kusomewa maelezo yako ya intavyuu kabla ya kuandika rufaa.

Iko sababu nyingine ya kukataliwa ambayo haihusu uongo kabisa. Afisa anasema: nakuamini, lakini vita peke yake havitoshi, lazima uwe ulitafutwa wewe. Mkataba wa 1951 unataka hofu ya kuteswa kwa sababu ya asili yako, dini, utaifa, kundi lako la kijamii au maoni ya siasa. Lakini Afrika ina mkataba wake, wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969. Huo unamhesabu pia mkimbizi mtu aliyelazimika kutoka kwake kwa sababu ya uvamizi au machafuko makubwa ya amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Sheria za Kenya na Uganda zinautambua. Kama barua yako imezungumzia mkataba mmoja tu, andika kwenye rufaa kwamba unaomba na ule wa 1969 uangaliwe. Huhitaji kuwa wakili kuandika sentensi hiyo moja.

WAUZAJI WA HADITHI

Sasa nifike kwenye jambo litakalowaudhi watu fulani. Pale Custom, ukishuka tu kwenye gari, hukosi kijana anayejua kila kitu. Anajua afisa yupi ni mkali, anajua nchi gani inachukua watu, na anajua, eti, hadithi gani "inapita". Kwa pauni kadhaa atakuandikia rufaa mpya yenye mateso mapya. Mwingine haombi pesa, ni jirani tu mwenye nia njema: "Sema ulifungwa. Mimi nilisema hivyo, nikapita."

Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi. Yule wa rufaa anasoma faili nzima. Ataweka maneno yako ya kwanza upande wa kushoto na ya pili upande wa kulia. Kama gereza limeingia leo na mwanzo halikuwepo, hatakuuliza kwanza juu ya gereza. Atauliza lilikuwa wapi siku ile. Kule Australia wameliweka hata kwenye sheria: dai jipya ambalo mtu angeweza kulisema mwanzo na hakulisema, bila sababu ya maana, baraza linatakiwa kulitilia shaka. Basi mtu mwenye kesi nzuri ya kweli anaiua mwenyewe kwa mateso ya kununua. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ukweli wake ungetosha.

Je, kama ulishadanganya kitu kwenye intavyuu ya kwanza kwa woga? Mwongozo wa HCR wa 1979, ambao maafisa wengi wanaufuata, unasema neno lisilo la kweli peke yake si sababu ya kumnyima mtu hadhi. Lazima mambo yote yaangaliwe kwa pamoja. Mwongozo huohuo unakubali kwamba mtu aliyeteswa na serikali ya kwao anaweza kuogopa afisa yeyote, na kwamba mkimbizi hawezi kuthibitisha kila kitu, kwa hiyo anapoeleza kwa ukweli na kadiri ya uwezo wake apewe faida ya shaka. Lisahihishe mwenyewe kwenye rufaa, eleza kwa nini ulisema vile. Ukisahihisha mwenyewe ni tofauti na ukikamatwa.

MAMA NA WATOTO

Hili nawaandikia mama zangu kwa heshima. Mara nyingi baba ndiye anayeeleza, na mama anakaa pembeni anasema "ni hivyo hivyo." Lakini yako mambo yaliyompata mama ambayo baba hayajui, au anayajua na nyumba nzima imeyafunika. Mficha uchi hazai. Una haki ya kuomba uongee peke yako, na kuomba mwanamke akuhoji na mwanamke akutafsirie. Unayoyasema ni siri ya ofisi. Hawatakiwi kumpelekea mumeo wala kiongozi wa bloku. Kama ulinyamaza mara ya kwanza kwa aibu, hiyo ndiyo sababu ya maana ninayoizungumzia. Iandike hivyo: "Sikusema kwa sababu mume wangu alikuwepo," au "mkalimani alikuwa mwanamume wa kwetu." Hilo si gereza la kununua. Ni ukweli uliochelewa, na ukweli uliochelewa unasikilizwa ukieleza kilichouchelewesha.

Watoto nao. Kijana ambaye alilazimishwa kubeba silaha, au binti aliyetaka kuozwa kwa nguvu, anaweza kuwa na sababu yake mwenyewe, mbali na ya baba. Msiifungie ndani ya karatasi ya baba.

HAKI ISIYOTUMIKA

Wengine watasema, "Mwalimu, rufaa ni maneno ya kwenye karatasi tu." Ni kweli, iko rufaa ya karatasi tu. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilizuia mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Majaji wote watano walikubaliana. Walichoogopa ni kwamba watu wangekataliwa kimakosa huko, kisha warudishwe kwenye hatari. Na kati ya mambo waliyoyaangalia ni rufaa: sheria ya Rwanda ilikuwa na haki ya kwenda Mahakama Kuu, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameitumia, kwa hiyo haikujulikana kama ingemlinda mtu. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 2024 baada ya serikali ya Uingereza kubadilika.

Mimi nasoma kesi hiyo hivi: majaji wa nchi kubwa walikaa wakauliza kama mkimbizi aliyekataliwa ana pa kupeleka neno lake, na kama kweli atasikilizwa. Basi kwetu sisi si jambo dogo. Rufaa yako ikiandikwa vizuri inakutetea wewe, na inamzoesha anayesikiliza kusikiliza, hata mwenzako wa kesho akute njia imeshakanyagwa. Sisemi kila rufaa inashinda. Nyingi zinashindwa, na mtu lazima ajiandae kwa hilo. Lakini iliyochelewa inaweza kushindwa kabla haijafunguliwa.

FANYA HIVI WIKI HII

1. Andika kwenye barua tarehe uliyoipokea, siku hiyohiyo. Hesabu siku zako kuanzia hapo.
2. Tafuta mtu mzima unayemwamini akusomee barua yote, neno kwa neno. Usimwachie mtoto mzigo huo.
3. Andika kila sababu ya kukataliwa kwa namba. Chini ya kila namba andika jibu lako. Kama sababu ziko nne, majibu yawe manne.
4. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili kama Kiingereza hukiwezi. Kiswahili kinachoeleweka ni bora kuliko Kiingereza cha kuazima.
5. Kama una karatasi ya hospitali, barua ya parokia au ya msikiti, au picha, ambatanisha nakala. Asili baki nayo.
6. Fanya fotokopi ya rufaa nzima. Unapoipeleka, omba wagonge muhuri na tarehe kwenye nakala yako.
7. Kama siku zimeshapita, peleka hata hivyo, na eleza kilichokuchelewesha: ugonjwa, kujifungua, barua kukufikia kwa kuchelewa.
8. Usimlipe mtu yeyote. Huduma za HCR ni za bure. Anayeomba pesa ili "asukume faili", ripoti.

Kwa wale ambao hamjapata jibu lolote bado, kaeni leo jioni kama familia, mkumbushane saa, majina ya ukoo na miaka. Msitunge, mkumbushane tu. Kama baba anakumbuka hivi na mama anakumbuka vile, semeni hivyo hivyo mbele ya afisa. Watu wawili wa kweli hukumbuka tofauti.

Mwenye barua aje nayo darasani jioni, baada ya watoto kutoka, tuisome pamoja mpaka mstari wa mwisho. Mwezi ujao Mungu akipenda tutaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa kwa watoto waliozaliwa hapa.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.